Nani Alifunga Maduka ya Mjini Tanga?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika Tanga, au ulifika zamani ukiwa umebebwa mgongoni, nakuomba tupite pamoja mtaa mmoja tu. Tutoke stesheni ya reli, tuipe reli kisogo, tushike njia ya kuelekea baharini. Si mwendo mrefu. Kwa baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, utaumaliza kabla jasho halijakutoka. Kulia na kushoto utaona nyumba za zamani zenye roshani juu na baraza chini, na chini ya kila roshani pana mlango wa duka, mpana, wa mbao nzito, wenye komeo la chuma. Milango mingi imefungwa. Siku moja nilijaribu kuihesabu, nikafika mahali nikaacha, maana sikujua niuweke wapi mlango uliofungwa ambao mbele yake mama mmoja anauza chai na maandazi. Umefungwa huo, au umefunguliwa?

Niseme mapema ili nisije nikasutwa: mama huyo ni mama yangu mzazi. Mlango anaouegemea ndio ule ambao babu, baba yake, aliketi mbele yake na cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo mimi si mtu asiye na upande. Nina upande, na upande wangu ni wa barazani. Lakini nimesoma nilichoweza kusoma, nimewauliza wazee, na kadiri ninavyouliza ndivyo ninavyoona kwamba habari ya maduka haya tunaisimulia kombo.

Tunaisimuliaje? Kaa kijiweni jioni, agiza kahawa, uliza: nani alifunga maduka ya mjini? Utapata majibu matatu. Wa kwanza atakwambia mji uliuawa mwaka 1971, serikali ilipowanyang'anya Wahindi majumba yao. Wa pili atasema, we acha tu, mji ulikufa na mkonge. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni mgeni, atacheka na kusema Watanga wavivu, kazi yao kukaa barazani. Hili la tatu ni la zamani kuliko huyo anayelisema. Wenye mashamba ya mkonge wa enzi za ukoloni walilisema sana, kwa sababu wenyeji wa pwani hawakutaka kuwakatia mkonge. Wabondei na Wadigo walikuwa na minazi yao na mashamba yao, wakapiga hesabu wakaona mshahara wa mkonge haulipi. Hesabu hiyo ndiyo iliyoitwa uvivu. Tuendelee.

Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida huko Marekani, na inasimuliwa katika kila kitabu cha mkonge kwamba vilivyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yalitoka mashamba yaliyofunika bonde la Pangani na nyanda zote za chini ya Usambara. Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Hebu itazame ramani: reli inayotoka mashambani, inakunywa maji baharini, na pale mdomoni mwake mji. Mji wetu ulipangwa ili singa zipite. Maduka yalikuja baadaye, yakajibanza njiani.

Hapa ndipo ninapoomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye fundo lenyewe. Mji wa maduka ulilishwa na kitu ambacho hakuna duka hata moja lililokiuza. Nani hununua singa dukani? Singa zilikwenda melini. Kilichobaki mjini ni mshahara wa aliyezikata. Na aliyezikata, kama nilivyosema, hakuwa mwenyeji. Walitoka Kigoma, Iringa, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha, SILABU, iliyowakusanya bara na kuwaleta mashambani. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku thelathini za kazi zikitimia kwenye kadi, ndipo unalipwa, na siku thelathini hizo zingeweza kukuchukua mwezi na nusu kuzitimiza. Mtu wa namna hiyo akishika fedha anataka nguo. Anataka blanketi, shuka, suruali moja ya heshima ya kurudia kwao, na khanga kama kuna anayemngoja.

Babu anazikumbuka siku hizo za malipo kama wengine wanavyokumbuka sikukuu. Malori yalitoka mashambani asubuhi, watu wamesimama wima nyuma kama mabua. Walishuka, wakatembea mlango kwa mlango. Ndani ya duka alikuwamo tajiri, Mhindi mwenye majora ya vitambaa hadi darini, kaniki, marekani, drili ya kaki, popolini. Nje barazani aliketi fundi. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi na haukuandikwa popote. Mteja ananunua kitambaa ndani, tajiri anapima kwa yadi yake ya mti, anakata, anakunja, anamwonyesha mlango: “Mpe fundi pale.” Fundi anapima mwili kwa utepe na kushona, na fedha ya ushonaji ni yake. Tajiri hakumtoza fundi kodi ya baraza, fundi hakumdai tajiri mshahara. Bila fundi, kitambaa kingebaki kitambaa. Bila kitambaa, fundi angeshona nini? Babu anasema siku za malipo alishona mpaka taa ya kandili, na manamba wakilala hapohapo sakafuni wakingoja suruali zao.

Sasa tufike kwenye mwaka 1964, maana wanaosema 1971 huuruka mwaka huu. Mwaka ule nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na hakuna nchi duniani iliyotushinda. Tulikuwa kileleni. Baada ya hapo bei ikaanguka. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimejifunza kutengeneza kamba za kufungia majani makavu kwa nyuzi za plastiki, na mkulima wa Ulaya au Marekani hakuwa na sababu ya kuililia singa ya Korogwe. Mashamba yakaanza kupunguza watu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huohuo serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Lakini bei ilikuwa imeanza kushuka kabla. Serikali ilirithi ng'ombe aliyekwisha kukaukiwa maziwa, kisha, sina haja ya kuficha, ikamchunga vibaya. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 40,000 kwa mwaka.

Basi malori ya siku ya malipo yalianza kupungua lini? Nilimwuliza babu bila kumwambia ninachotafuta. Akafikiri. “Mjukuu wangu, kabla hata nyumba hazijachukuliwa, tayari nilikuwa nikirudi nyumbani mapema.” Nikayaandika maneno hayo papo hapo.

Haya, twende 1971. Aprili mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 ambalo mwenyewe hakai peke yake na familia yake, bali amelipangisha, lilitwaliwa. Fidia ilifikiriwa kwa majengo ambayo hayajatimiza miaka kumi. Ya zamani, ambayo ndiyo yaliyojaa mjini kwetu, yalihesabiwa kwamba yamekwisha kurudisha gharama zake. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na hadi leo wazee wanasema “nyumba za Msajili” ingawa Msajili mwenyewe aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Sheria ile ilikuwa na haki ndani yake, sitaki kudanganya. Mji ambao Mwafrika aliruhusiwa barazani na si ndani ulikuwa mji wa aibu. Tanga iligawanywa kwa reli: upande wa bahari Uzunguni na Uhindini, upande wa pili Ngamiani, yenye barabara za namba badala ya majina, kana kwamba mtaa nao ni manamba. Kijana aliyeona nyumba za matajiri zikitwaliwa mwaka 1971 alikuwa na sababu ya kushangilia. Babu alishangilia. Halafu asubuhi akaenda kazini akamkuta tajiri ameketi ndani ya duka lake kama kawaida, ila sasa ni mpangaji. Wakaamkiana. Hakuna aliyejua aseme nini, akapima kitambaa.

Tajiri alivumilia miaka kadhaa, kisha akaenda Kanada, kama walivyofanya wengi wa jamaa zake. Siku ya kuondoka alimpa babu ile yadi ya mti. Haikuwa na faida tena dukani, maana nchi ilikuwa imeingia kwenye mita. Mama anaitumia kusokota mlango wa jiko la mkaa upepo ukizidi.

Ninachokilaumu katika 1971 ni kitu kidogo ambacho watu hawakitaji, nacho ni bati. Nyumba ya pwani inaliwa na chumvi. Chokaa inabanduka, nondo zinavimba, mbao za roshani zinalainika kama muhogo uliochemka. Kila baada ya misimu michache lazima mtu apande juu na ndoo. Nani apande? Mwenye nyumba wa zamani amekwenda. Mwenye nyumba mpya ni taifa zima, na kodi anayokusanya ni ndogo, haitoshi hata misumari. Mpangaji naye anajiuliza: nitengeneze nyumba isiyo yangu? Wakati mwingine aliyeshika mkataba alikwisha kumpangishia mwingine juu kwa juu, huyo mwingine naye akagawa chumba, kila mmoja akila kilemba chake. Watu wanne wanaishi kwa nyumba moja na hakuna hata mmoja mwenye ngazi. Jengo lililokaa hivyo tangu 1971, msomaji, usiulize kwa nini roshani imedondoka.

Lakini bati halifungi duka peke yake. Mbele yake kulikuwa na kitu kingine, nacho ni njaa ya bidhaa. Tangu 1967 biashara ya kuagiza na ya jumla ilishikwa na Shirika la Biashara la Taifa, na miaka ya 1970 ikagawiwa mashirika ya mikoa, RTC. Mwaka 1976 serikali ilijaribu hata kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi, ikabidi irudi nyuma upesi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa mtu wa Tanga, ambaye ana shangazi Vanga na mjomba Mombasa, ilikuwa kama kukatwa mkono. Ikaja vita ya Kagera 1978. Ikaja miaka ya foleni, ya sabuni kwa mgawo, ya khanga kwa orodha ya balozi. Ikaja 1983 na msako wa wahujumu uchumi, na wenye akiba ya vitenge wakavitafutia pa kuvitupa usiku.

Babu ana jina kwa duka la miaka ile: duka la macho. Liko wazi, rafu zimefutwa vumbi, muuzaji yupo, bidhaa hakuna. Unaingia unatazama, unatoka. Leo tunalilia maduka yaliyofungwa, lakini nadhani hayo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa mlango wazi ulikudanganya. Babu wakati huo alishona viraka. Alikata mikono ya mashati marefu ili kupata kitambaa cha kola. Alifungua mashuka ya magendo ya Horohoro na kuyafanya magauni ya arusi.

Ruhusa ilipokuja ilikuja kwa kasi. Kuanzia 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza vitu bila kuulizwa amezitoa wapi, mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zikarudi. Ungedhani basi milango yetu mipana ingefunguka yote! La hasha. Kilichorudi kwa wingi ni mitumba, na mtumba hauhitaji duka. Unahitaji turubai, chini, mahali wanapopita watu. Watu walikuwa wanapita wapi? Ng'ambo ya reli. Ngamiani, sokoni Mgandini, kwenye vituo vya basi. Viwanda vya mjini navyo, kile cha mbolea mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vingine kabla na baada yake, vikaanza kufunga mageti, na mfanyakazi aliyekuwa akipita mtaani kwetu jioni na mshahara mfukoni hakupita tena. Treni ya abiria nayo ikakoma.

Kwa hiyo mimi nakataa neno kufa. Biashara ya Tanga haikufa, ilivuka reli. Nenda Ngamiani leo uone fremu zinavyogombewa, duka limegawanywa mara tatu kwa mbao za plaiwudi, muuza simu amekaa kwenye upana wa mlango. Halafu rudi upande wa pili, dakika kumi kwa miguu, uone ukumbi mzima wenye dari la juu umejaa popo. Kariakoo kule Dar es Salaam ndio usiseme: fremu zinatafutwa mpaka chini ya ardhi, na Novemba 2024 ghorofa lilianguka likaua watu zaidi ya 25, wengi wao wakiwa madukani kwenye kazi zao. Nchi hiyohiyo, biashara ileile, na sehemu ya mzigo ulioanguka mle ulikuwa na wateja wake kwetu.

Babu aliendelea na mtumba, akipunguza viuno vya suruali za Wazungu. Macho yakamshinda. Mwaka 1996 mama akachukua baraza, akaweka jiko mahali pa cherehani.

Siku hizi upepo umebadilika. Tanga ni jiji tangu 2005. Barabara za katikati zilitiwa lami na taa kwa mradi wa miji uliokopewa Benki ya Dunia. Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaloishia Chongoleani, ambako kutoka kwetu unakuona ukivuka maji. Bandari, ambayo tangu enzi ya Mjerumani ilipakulia meli mbali kwa matishari, ilichimbwa kina na kuongezewa gati kwa zaidi ya Sh bilioni 400. Treni ya mizigo ilirudi njia ya Moshi mwaka 2019. Na madalali wameanza kutembea mtaani kwetu wakitazama juu. Dalali akitazama juu, fundi wa barazani na atazame chini pa kukimbilia.

Kuna wanaotaka majengo yabomolewe yajengwe maghorofa ya vioo. Kuna wanaotaka yahifadhiwe, wakitutolea mfano wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Mimi ningependa yahifadhiwe, nakiri, nazipenda roshani zile. Ila nimetembea Mji Mkongwe. Nimeona nyumba zilizopakwa chokaa vizuri, na chini yake duka baada ya duka la picha za tingatinga na viungo vya kopo, na muuza chai wa kawaida amesogezwa hadi Darajani. Kwa hiyo swali la kubomoa au kuhifadhi kwangu ni la pili. La kwanza nilitaka mtu alijibu kwenye mkutano.

Mkutano ulifanyika, wenye mpango walikuja na michoro mizuri ya rangi. Kwenye mchoro wa mtaa wetu kulikuwa na miti na watu wembamba wanatembea, na barazani kulikuwa kutupu, kweupe, pamefagiliwa. Mama alinyoosha mkono. Akauliza, kwa heshima zake zote, “Na sisi wa barazani, baba, mmetuweka wapi?” Yule bwana wa michoro hakuwa mbaya. Alimjibu vizuri tu, akamwambia kila mpangaji atasikilizwa, mama alete mkataba.

Mkataba! Mwaka 2018 mama alinunua kitambulisho cha mjasiriamali, kile cha Sh 20,000, akakitundika shingoni kwa fahari. Mwaka 2021 ilipoagizwa machinga waondoke kando ya barabara, alisogeza jiko hatua tatu ndani na kitambulisho hakikuulizwa na mtu. Kodi ya baraza hajawahi kulipa kwa sababu hakuna aliyewahi kudai, kama baba yake hakuwahi. Kiti alichokalia kina umri kuliko kila mkataba uliowahi kutiwa saini ndani ya mlango ule, na karatasi hana.

Tumeamua kuandika barua. Mimi ndiye karani, kwa kuwa ati nimesoma. Tunataka tueleze kwamba familia hii imefanya biashara hapo mfululizo tangu mwaka fulani, na wazee wawili wa mtaa watie dole gumba. Ugumu ni huo mwaka fulani. Babu hana cheti chochote cha siku aliyoweka cherehani chini. Nimemkalisha jioni tatu. Mara anasema ni kabla ya Uhuru, mara anasema ni baada kidogo, mama anamkatiza, wanagombana.

Jana akaja nayo mwenyewe. Alikuwa akinywa uji, akaweka bakuli. Alisema aliposikia kwamba Shaaban Robert amefariki alikuwa anashona kanzu hapo barazani, na tajiri akafunga nusu ya mlango kwa heshima, na kwamba siku hiyo alikwisha kumaliza miaka miwili mahali pale, kwa sababu ndipo alipokuwa amebadilisha mkanda wa cherehani mara ya pili, na mkanda wake ulidumu mwaka mmoja.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Nimeandika 1960.